Upangaji wa maeneo ya wazi na burudani mijini

Upangaji wa maeneo ya wazi na burudani mijini ni sehemu ya mipango miji inayoshughulikia kutenga, kutengeneza na kutunza ardhi ya umma kwa ajili ya mapumziko, michezo na mikusanyiko ya wakazi, pamoja na kuandaa shughuli zinazofanyika katika ardhi hiyo. Nchini Tanzania ardhi ya namna hii huitwa kwa kawaida eneo la wazi. Jina hilo hujumuisha bustani za umma, viwanja vya michezo, viwanja vya watoto, fukwe na viwanja vya mikutano.

Makala hii inaeleza historia, sheria na hatua za upangaji huo nchini Tanzania, kisha inatazama hali ya miji midogo kwa kutumia mfano wa Itigi katika Mkoa wa Singida.

Umuhimu

Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa dakika 60 kila siku. Mtoto wa mjini asiyekuwa na kiwanja karibu huchezea barabarani, kwenye mitaro au kando ya reli.

Faida nyingine ni za mazingira. Miti hupunguza joto na vumbi, na udongo usiofunikwa kwa saruji hunyonya maji ya mvua ambayo vinginevyo yangeingia katika nyumba. Eneo la wazi hutumika pia kwa mikutano ya hadhara, sala za Idi, ibada za nje, sherehe za kitaifa na kama mahali pa kukimbilia wakati wa moto au mafuriko.

Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, katika lengo la 11, yanataka ifikapo 2030 watu wote, hasa wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu, waweze kufikia maeneo ya umma yaliyo salama na ya kijani. Katika kupima lengo hilo, shirika la UN-Habitat hutumia umbali wa mita 400 za kutembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi eneo la wazi lililo karibu.

Historia

Bustani za umma za kisasa zilienea duniani katika karne ya 19, viwanda vilipoijaza watu miji ya Ulaya na Marekani. Birkenhead Park karibu na Liverpool ilifunguliwa 1847, na Central Park ya New York ilianza kupokea wageni 1858.

Katika Afrika ya Mashariki maeneo ya wazi yaliletwa na serikali za kikoloni, na mara nyingi kwa sababu zisizohusu burudani. Jijini Dar es Salaam Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribu mazao ya biashara. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kutenganisha Kariakoo, walikoishi Waafrika, na sehemu za Wahindi na Wazungu. Ardhi iliyokusudiwa kutenga watu ikawa baadaye mahali pa kuwakutanisha, kwa mikutano ya siasa, sherehe na mapumziko.

Baada ya uhuru, mipango mikuu ya Dar es Salaam ya 1968 na 1979 iliendelea kutenga maeneo ya wazi. Dodoma ilipochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, mpango wake wa 1976, ulioandaliwa na kampuni ya Kanada ya Project Planning Associates, ulikusudia mji wa watu wanaotembea kwa miguu, wenye mikanda ya kijani kati ya mitaa ya makazi. Leo Dodoma ina Nyerere Square katikati ya jiji na bustani ya mapumziko ya Chinangali. Huko Zanzibar, bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya 2009.

Nchini Kenya kulitokea kisa maarufu cha kutetea bustani. Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, aliupinga kwa barua na kwa kesi mahakamani. Kesi ilitupwa, lakini wafadhili wa nje walijiondoa na jengo halikujengwa. Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani 2004.

Sheria na mamlaka nchini Tanzania

Sheria kuu ni Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Inazipa halmashauri za majiji, manispaa, miji na wilaya hadhi ya mamlaka za upangaji, na inatambua aina mbili kuu za mipango: mpango wa jumla wa mji, unaojulikana kama mpango kabambe, na mpango wa kina wa eneo moja, unaoonyesha kila kiwanja na matumizi yake. Wakazi na wenye ardhi wanapaswa kushirikishwa katika maandalizi. Kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo huweka viwango vya ukubwa wa viwanja vya kuchezea watoto, viwanja vya michezo na bustani.

Sheria nyingine zinazohusika ni hizi:

- Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, kuhusu umiliki na fidia.
- Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayozuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Ukanda huo unaweza kupandwa miti na kuwa njia ya matembezi.
- Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, inayodai maeneo ya umma yafikike na watu wote.
- Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya 1967, iliyounda BMT.

Katika halmashauri kazi hii huhusu maofisa wengi: afisa mipango miji, mpima ardhi, afisa michezo, afisa utamaduni, afisa maendeleo ya jamii na afisa misitu. Bajeti hupitishwa na baraza la madiwani, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai.

Hatua za upangaji

Kujua kilichopo

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha kila eneo la wazi lililo kwenye michoro ya mipango miji na kwenda kuliona. Mara nyingi mchoro huonyesha kiwanja cha watoto, lakini mahali penyewe pana nyumba, gereji au dampo. Orodha ionyeshe ukubwa, mipaka, anayetumia na hali ya umiliki. Viwanja vya shule viorodheshwe pia, kwa kuwa katika miji mingi ndivyo viwanja pekee vya mpira.

Kusikiliza wakazi

Mikutano ya mtaa au kitongoji ni mahali pa kuanzia, lakini haitoshi, kwa kuwa watoto hawahudhurii na wanawake wengi huwa kazini au jikoni wakati wa mkutano. Kwa hiyo wapangaji huongea pia na wanafunzi, mama lishe, madereva wa bodaboda, wazee na vikundi vya mbio za asubuhi. Mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo (O&OD), inayotumiwa na serikali za mitaa nchini Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, inaweza kutumika kupanga vipaumbele hivyo.

Kukadiria nafasi

Kila matumizi yana ukubwa wake. Vipimo vya kawaida ni hivi:

- Mpira wa miguu: mita 105 kwa 68
- Mpira wa pete: mita 30.5 kwa 15.25
- Mpira wa kikapu: mita 28 kwa 15
- Mpira wa wavu: mita 18 kwa 9

Kiwanja cha mpira wa miguu pamoja na pembezoni zake huhitaji karibu hekta 1. Kwenye hekta hiyo moja vingeweza kukatwa viwanja vya makazi visivyozidi 25 vya mita za mraba 400, hata kabla ya kutoa nafasi ya barabara. Hesabu hii inaonyesha kwa nini maeneo ya wazi huvutia wauzaji: kila mji unavyokua, ndivyo bei ya ardhi tupu inavyopanda. Inaonyesha pia kwamba nafasi ndogo ina thamani. Kwenye eneo la kiwanja kimoja cha mpira wa miguu vinaweza kuenea viwanja kadhaa vya mpira wa pete na wavu, miti ya kivuli na bembea za watoto, na wasichana wakapata nafasi ambayo uwanja mmoja wa mpira hauwapi.

Kupima na kulinda

Eneo lililopangwa lakini halijapimwa ni rahisi kuvamiwa. Linahitaji mawe ya mipaka, kuandikwa katika kumbukumbu za ardhi kama ardhi ya umma, na bango linalosomeka. Ulinzi wa bei nafuu kuliko ukuta ni matumizi ya kila siku: kiwanja chenye mechi kila jioni, njia inayopitwa na watu na miti iliyopandwa na shule ya jirani hakionekani kuwa hakina mwenyewe.

Kutunza

Bustani nyingi hufa baada ya ufunguzi kwa kukosa maji, mlinzi na fundi. Kwa hiyo gharama za matunzo hupangwa pamoja na za ujenzi. Baadhi ya halmashauri hupangisha vibanda vya chakula ili mapato yalipe usafi. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoendesha biashara kama hizo vinaweza kuomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Hatari yake ni vibanda kuongezeka hadi kuimaliza bustani yenyewe, hivyo idadi yake huwekewa kikomo tangu mwanzo.

Programu za michezo na burudani

Uwanja bila shughuli hubaki ardhi tupu. Programu za kawaida katika miji ya Tanzania ni ligi za kata na wilaya, mashindano ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na ya sekondari (UMISSETA), mbio za pamoja za mwisho wa wiki, ngoma na kwaya. Michezo isiyohitaji vifaa vya gharama, kama rede, kuruka kamba, kombolela, bao na drafti, inafaa kupewa nafasi katika ratiba, kwa kuwa hukutanisha rika mbalimbali.

Ratiba iliyoandikwa na kubandikwa huzuia kundi moja kuhodhi uwanja. Bila ratiba, vijana wa kiume wenye mpira hutangulia, na wengine hubaki watazamaji.

Miji midogo: mfano wa Itigi

Itigi ni mji mdogo katika Wilaya ya Manyoni, magharibi mwa mji wa Manyoni, na makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Itigi. Ulikua kwenye Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Unajulikana kwa Hospitali ya Mtakatifu Gaspar na kwa machimbo ya jasi. Barabara ya lami kati ya Manyoni na Tabora na reli mpya ya SGR, sehemu ya Makutupora hadi Tabora, huongeza thamani ya ardhi katika eneo hili.

Kwa sababu hiyo miji kama Itigi iko katika wakati ambao miji mikubwa ilishaupita. Ardhi ya umma ingali inaweza kutengwa kwa kuchora mstari kwenye ramani, bila kubomoa nyumba wala kulipa fidia kubwa. Nyumba zikishajengwa, urasimishaji wa makazi hupata shida kupata hata njia ya gari la zimamoto.

Mazingira ya Itigi yana masharti yake:

- Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Miche hupandwa mvua zinapokolea na huhitaji kumwagiliwa katika kiangazi chote cha kwanza. Miti inayovumilia ukame, kama mkwaju na migunga, hufaa kuliko nyasi za bustani za pwani.
- Mbuzi na ng'ombe hula miche, hivyo uzio wa miiba au wigo hai ni wa lazima katika miaka ya mwanzo.
- Eneo la hifadhi ya reli huonekana kama uwanja mpana, lakini si eneo la wazi la umma. Viwanja vya watoto huwekwa mbali nalo, na upande ule ule wa reli wanakoishi watoto, ili wasilazimike kuvuka.
- Mji umezungukwa na vichaka vya Itigi, uoto mnene wa miti mifupi inayopukutisha majani, wenye mimea kama Baphia burttii na Bussea massaiensis. Uoto wa aina hii unapatikana hapa na katika eneo la Sumbu, Zambia, ambako sehemu kubwa imeshafyekwa.

Jambo hili la mwisho hutoa nafasi ambayo miji mingine haina. Mpango wa mji unaweza kuacha kipande cha kichaka cha asili bila kukifyeka, kukikatia njia za kutembea na kukitumia kwa masomo ya shule. Bustani ya namna hiyo haihitaji kumwagiliwa, kwa kuwa mimea yake imezoea kiangazi cha hapo. Inachohitaji ni mipaka inayojulikana na makubaliano na wakazi kuhusu kuni na mkaa, kwa sababu kichaka hicho ndicho pia chanzo cha nishati ya majumbani.

Changamoto

- Uvamizi na kubadilishwa kwa matumizi ya ardhi bila wakazi kufahamu.
- Kutokuwepo kwa nakala za michoro katika ofisi za mitaa, hivyo wananchi hawajui kipi ni cha umma.
- Uhaba wa wapima ardhi na fedha katika halmashauri ndogo.
- Usalama mdogo usiku kwa kukosa taa, unaowazuia zaidi wanawake na wasichana.
- Dhana kwamba ardhi isiyojengwa ni ardhi isiyotumika.

Changamoto ya pili ndiyo rahisi zaidi kutatua. Mchoro wa mtaa uliobandikwa kwenye ukuta wa ofisi huwawezesha wakazi kuuliza swali siku ya kwanza lori la mchanga linapomwaga mzigo uwanjani, kabla msingi haujachimbwa.

Tazama pia

- Mipango miji
- Itigi
- Mkoa wa Singida
- Reli ya Kati (Tanzania)
- Mnazi Mmoja
- Forodhani
- Wangari Maathai