Tasnifu iliyowahi kuzikwa, na mifupa ya Ruhuhu

Kwenye barabara ya Songea kwenda Mbinga huendi mbali kabla hujapishana na lori la makaa ya mawe ya Ngaka, turubai limekazwa kwa kamba, vumbi jeusi limeganda ubavuni. Makaa ndiyo yaliyomvuta huku, takriban karne moja iliyopita, mjiolojia wa serikali ya Tanganyika, G. M. Stockley. Alikuja kutafuta makaa, akakutana na mifupa iliyogeuka mawe. Mwaka 1932 alichapisha maelezo ya miamba ya bonde la Mto Ruhuhu, akiipanga kwa tabaka kuanzia K1 chini hadi K8 juu. Tabaka la sita na la nane aliyaita ya mifupa.

Mwaka uliofuata akafika mtaalamu wa visukuku, Francis Rex Parrington, kutoka Cambridge. Alizunguka bondeni akiokota mifupa hiyo, akarudi kwao na shehena. Ndani yake mlikuwa na mfupa mmoja wa mkono, kipande cha bega kuelekea kiwiko, na pingili kadhaa za uti wa mgongo.

Shehena hiyo ilimwangukia mwanafunzi wake, Alan Charig. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1956 iliwachambua wanyama wa shehena hiyo mfupa kwa mfupa na kuwapa baadhi yao majina: Mandasuchus, kutokana na miamba ya Manda ya bondeni humo, na Teleocrater. Baadaye likaongezeka Nyasasaurus, la ziwa letu Nyasa. Lakini tasnifu haikuchapishwa, na kwa kanuni za sayansi jina lisilochapishwa pamoja na maelezo ya mnyama wake si jina. Yakabaki kama mchumba ambaye mahari yake haijatolewa: mtaa mzima unamjua, ndoa hakuna.

Charig hakuwa mvivu. Alikuwa msimamizi wa visukuku vya watambaazi katika jumba kubwa la makumbusho ya viumbe jijini London, alirudi Tanganyika na msafara wa mwaka 1963, na mwaka 1986 yeye na Angela Milner wakautangazia ulimwengu Baryonyx, dinosaria mla samaki aliyechimbwa Uingereza. Mifupa ya Ruhuhu tu ndiyo iliyosubiri. Alifariki mwaka 1997 ikingali inasubiri.

Siku hizi msomi hupimwa kwa idadi ya makala na mara ngapi wenzake wamemtaja. Kwa mizani hiyo tasnifu ya 1956 ni sifuri. Hata hivyo kila aliyetaka kuandika juu ya chimbuko la dinosaria alilazimika kupiga hodi kwake, na majina yale yalitajwa vitabuni miongo kadhaa kabla ya kuwa halali.

Kuanzia mwaka 2007 kikosi cha wataalamu wa visukuku, akina Christian Sidor na Sterling Nesbitt, kilikwenda Ruhuhu. Mwaka 2010 kikamtangaza Asilisaurus kongwe, jina ambalo nusu yake hata mtoto wa darasa la kwanza Songea analielewa. Kisha viporo vya Charig vikapakuliwa: Nyasasaurus parringtoni mwaka 2013, Teleocrater rhadinus mwaka 2017, Mandasuchus mwaka 2018. Katika makala zote tatu Charig ameandikwa miongoni mwa waandishi. Marehemu wa miaka ishirini, bado anachapisha!

Na si mambo madogo. Nyasasaurus, mwenye ule mfupa wa mkono, aliishi miaka milioni 243 hivi iliyopita. Kama kweli ni dinosaria, na hapo wataalamu bado wanavutana, basi amewatangulia wote wanaojulikana kwa zaidi ya miaka milioni kumi. Teleocrater alitembea kwa miguu minne na kifundo chake kilikuwa kama cha mamba, ingawa yuko kwenye ukoo wa ndege na dinosaria. Hilo liliwalazimu wataalamu kuichora upya picha ya ndugu wa kale wa dinosaria.

Kwangu mimi, mwenye deni kubwa zaidi la shukrani ni Stockley. Bila tabaka zake, mfupa ule wa mkono ungekuwa jiwe tu lenye umbo. Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Ruhuhu, ukikuta kando ya korongo jiwe linalofanana na mfupa, usilichomoe ukalipeleka nyumbani. Piga picha, weka alama mahali hapo, umwarifu ofisa utamaduni wa wilaya. Tabaka lilimolala ndilo linalotunza umri wake.