Bagamoyo: Bandari iliyokosa kina

Mjadala wa bandari mpya ya Bagamoyo umekuwa mrefu. Makubaliano na Wachina yalifikiwa 2013, Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi Oktoba 2015, awamu iliyofuata ikausimamisha mradi kwa hoja kwamba masharti yake yanaiumiza nchi, na mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kuufufua. Katika maneno yote hayo mji wa kale umetajwa kidogo mno.

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaujua mji huo kwa safari ya siku moja. Gari la kukodi na dereva wake huondoka asubuhi, likipita Tegeta, Bunju na Mapinga, mwendo wa kilomita 70 hivi. Kituo cha kwanza ni magofu ya Kaole, kisha Misheni, kisha Ngome Kongwe, kisha samaki wa kukaanga ufukweni. Alasiri gari linageuza. Madereva hawana kosa, hiyo ndiyo safari wanayolipwa. Lakini mtaa wa zamani wa wafanyabiashara wa Kihindi, wenye milango ya nakshi, watu wanauona kupitia madirisha ya gari tu.

Misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Ujiji na Unyanyembe iliishia Bagamoyo, mizigo ikiwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao 1868. Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa mpelelezi David Livingstone, waliufikisha hapa mwili wake. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipojitwalia pwani, Abushiri bin Salim aliongoza vita, na Berlin ikamtuma Hermann Wissmann na jeshi lake kuvizima.

Hapo ndipo inapokuja siku ambayo Bagamoyo ilizungumzwa hadi Ulaya: Desemba 4, 1889. Mpelelezi Henry Stanley, aliyeisimulia mwenyewe katika kitabu chake cha 1890, alikuwa anatoka bara na Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Misri katika jimbo la Ikweta (Equatoria). Stanley alikuwa ametumwa kumwokoa, ingawa Emin hakuwa na hamu kubwa ya kuokolewa, na wawili hao walikwaruzana njia nzima. Wissmann aliwapokea kwenye kivuko cha Mto Kingani, ambao leo tunauita Ruvu, akawaingiza mjini kwa farasi na mizinga ya heshima. Jioni ikaandaliwa karamu ghorofani. Zikatolewa hotuba, shampeni ikamiminwa. Nje, Wazanzibari wa msafara nao walikuwa wakila na kufurahi.

Emin macho yake yalikuwa mabovu. Aliondoka mezani, akaliendea dirisha lililo karibu na sakafu akilidhania mlango, akaanguka hadi barabarani. Kijana wa Stanley, Sali, ndiye aliyemnong'oneza bwana wake kwamba Pasha ameanguka. Kichwa kiliumia vibaya, akalazwa hospitali ya Wajerumani. Stanley alivuka kwenda Unguja bila ya mtu aliyemfuata kwa karibu miaka mitatu, na Emin alipopona akaingia kazini kwa Wajerumani. Aprili 1890 alitoka Bagamoyo kurudi bara. Aliuawa Kongo 1892.

Wageni husimuliwa kisa hiki kwa kicheko. Mimi naona kinasimuliwa nusu. Wazanzibari zaidi ya 600 waliandikwa kwa msafara ule 1887, na wengi wao hawakurudi; hakuna karamu iliyofanywa kwa ajili ya hao wasiorudi. Siku 11 baada ya karamu hiyo, Abushiri alinyongwa Pangani.

Fahari ya mji haikudumu. Mwaka 1891 makao makuu ya Wajerumani yalihamia Dar es Salaam, na sababu kubwa ilikuwa bahari: ufukwe wa Bagamoyo unateremka taratibu, majahazi yanapakiwa mchangani bila tabu, lakini meli kubwa hulazimika kutia nanga mbali. Boma la utawala wa Kijerumani lilijengwa 1897, wakati biashara imeanza kuhama. Reli iliyoanzia Dar es Salaam ikamaliza kazi ya wapagazi.

Mvua za El Niño za 1997/98 zilibomoa sehemu ya Boma hilo. Mwaka 2006 Tanzania iliiorodhesha njia ya kati ya misafara kwenye maombi ya Urithi wa Dunia, na hadi leo imebaki kwenye maombi. Kuta za mawe ya matumbawe zinaendelea kumomonyoka, tukisubiri bandari ituletee neema.

Mkataba wowote utakaosainiwa uwe na kifungu cha mji wa kale, chenye fedha zake za ukarabati. Nawe msomaji, ukikodi gari kwenda Bagamoyo, mwambie dereva akushushe kwenye ule mtaa wa milango ya nakshi, utembee kwa miguu hadi mwisho wake.