Mbaazi ya njiwa? Asili ya jina "pigeon pea"

Haya ndugu msomaji, leo tuweke kompyuta kando kidogo tuongee chakula. Usiondoke lakini, mwishoni tutarudi kwenye programu.

Kule Kambu, Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, mvua ni ya kubahatisha. Mbaazi huvumilia, kwa sababu mizizi yake inakwenda chini sana. Wakamba huziita nzuu na huzila na mahindi. Sasa fungua orodha yoyote ya bei iliyoandikwa kwa Kiingereza: utakuta "pigeon pea". Yaani mbaazi ya njiwa! Kwani nzuu ni chakula cha ndege?

Jina hilo liliandikwa mwaka 1692 na Leonard Plukenet, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, kuhusu kisiwa cha Barbados. Huko wakoloni walilisha njiwa mbaazi. Lakini zao lenyewe lilianza kulimwa India zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, likafika Afrika, kisha biashara ya utumwa ikalivusha hadi Karibi. Waafrika waliopelekwa huko walizila, na jina lao likabaki pia: "wandu" ya Kikongo ndiyo "guandú" na "gandul" za Kihispania leo. Linnaeus naye mwaka 1753 aliliita "cajan", neno lililotokana na "kacang" ya Kimalei. Kwa hiyo Kiingereza kilichukua jina kwa aliyefuga njiwa, si kwa aliyekula.

Utasema, jina tu, lina shida gani? Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei ikaporomoka Afrika Mashariki. Kikomo hicho kiliondolewa mwaka 2021. Habari za India huandika "tur" au "arhar". Mkulima anayetafuta "mbaazi" au "nzuu" kwenye mtandao hazioni, na mbegu ameshapanda.

Kwa hiyo wewe unayetengeneza programu ya bei za mazao, usifanye "pigeon pea" kuwa ufunguo wa jedwali lako. Tumia Cajanus cajan, kisha funga majina yote kwake: mbaazi, nzuu, tur, arhar, gandul. Anayeandika nzuu apate kila kitu.

Je, kwenu mnaziitaje?