Uso wa Teresia mbele ya mashine ya foto

Katika nyumba nyingi za wakristu wa kwetu imetundikwa ukutani sanamu ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu: mtawa kijana, mashavu laini, macho makubwa na mapole, mikono inakumbatia msalaba uliofunikwa na maua ya waridi. Sisi wenyewe tulikua chini ya sanamu hii. Kwa hiyo siku moja, katika seminari ndogo, padri mmoja mzee alipotuonyesha foto yake ya kweli, iliyopigwa mwaka 1897, hatukusadiki. Uso ulikuwa mpana, kidevu chenye nguvu, midomo imefungwa, macho yamechoka. Mwenzetu mmoja akasema: «Padri, huyu ni mtawa mwingine.» Padri akacheka, akafunga kitabu, na kengele ya masomo ikalia.

Hatukusahau neno lile. Mara nyingi baadaye tulijiuliza: kati ya sanamu zile mbili, ni ipi inayoonyesha moyo wa Thérèse Martin? Wala swali hili si la watawa tu. Limeifuata foto ya uso wa mtu tangu mwanzo wake: je, mashine yaweza kufika ndani, ama inaishia kwenye ngozi? Habari ya Karmeli ya Lisieux inatufaa sana kwa kulichungua, maana aliyeshika mashine na aliyepigwa foto walikuwa watoto wa tumbo moja.

Tuanze na mashine yenyewe. Sanaa ya foto ilitangazwa huko Paris mwaka 1839, kwa kazi ya Louis Daguerre. Siku zile za kwanza mtu alipaswa kukaa bila kutikisika kwa muda mrefu, pengine dakika nzima na zaidi, na wapiga foto waliweka chuma nyuma ya kichwa chake ili kisisogee. Ndiyo sababu nyuso nyingi za wakati ule ni ngumu kama nyuso za mahakimu. Si kwamba watu wale hawakujua kucheka, ila kicheko hakidumu dakika moja. Vyuma viliondoka, lakini desturi ikabaki. Hata kwetu, mzee akiitwa kupigwa foto, ananyosha mgongo, anafunga kinywa, anatazama mbele kama mtu anayeapa. Wajukuu wanasema babu alikuwa mkali. Babu hakuwa mkali, alikuwa mbele ya mashine.

Mtoto mdogo hajui bado kujitengenezea uso. Foto ya kwanza ya Thérèse ilipigwa mwaka 1876, alipokuwa na miaka mitatu na nusu, siku ambazo wazazi wake walikaa katika mji wa Alençon, Ufaransa. Mama yake, Zélie, aliandika katika barua kwamba mtoto huyu, aliyecheka siku zote, mara hii alivuta mdomo kama anayetaka kulia, hata ikabidi kumtuliza. Na kweli, mdomo ule tunauona. Mashine iliingia ndani bila kupiga hodi. Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa Agosti 1877, mama yule alikufa, nasi tukiitazama foto hii tunaona huzuni kubwa katika mdomo ule mdogo. Lakini tuwe waangalifu: mtoto aliogopa tu mpiga foto. Huzuni ile tunaitia sisi, kwa sababu tunajua yaliyofuata. Tutarudi kwa jambo hili.

Thérèse aliingia Karmeli ya Lisieux tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na miaka 15. Dada zake wawili, Pauline na Marie, walikuwa wamemtangulia. Céline, aliyemzidi kwa miaka karibu minne, alibaki nje kumtunza baba yao mgonjwa. Baba alipokufa, Céline naye akaingia, tarehe 14 Septemba 1894, akaleta mashine yake ya foto. Ilikuwa ajabu. Mtawa wa Karmeli hakuonekana na watu wa nje. Hata ndugu zake walipokuja kumsalimu, waliongea naye kupitia vyuma vya dirisha. Lakini mama mkubwa wa monasteri wakati ule alikuwa Pauline, aliyeitwa katika utawa Mama Agnès wa Yesu, naye akatoa ruhusa. Kwa ruhusa ile tunazo leo foto zaidi ya 40 za mtakatifu huyu, tukihesabu na chache za utoto wake.

Mashine ya Céline ilikuwa kubwa, ikapokea vioo vya sentimeta 13 kwa 18, na kila foto ilidai sekunde kadhaa. Msomaji ajaribu mwenyewe: ahesabu polepole mpaka tano au sita, akishika tabasamu lile lile, bila kupepesa macho. Ataona kwamba tabasamu linaanza kufa kabla ya hesabu kwisha. Céline alilijua jambo hili vizuri, na lilimsumbua maisha yake yote.

Aliwapiga foto watawa wakifua nguo, wakikusanya majani makavu shambani, wakitayarisha hostia. Mwanzoni mwa mwaka 1895 alimpiga Thérèse amevaa kama Jeanne d'Arc, kwa sababu Thérèse alikuwa ametunga mchezo juu ya shujaa yule na kuucheza mwenyewe. Katika foto moja amefungwa minyororo gerezani. Kwa maoni yetu, humo amekuwa huru kuliko katika foto nyingi alizokaa kama yeye mwenyewe. Aliazima uso wa mwingine, akasahau kuulinda wake.

Foto mojawapo ya mchezo ule ilipatwa na mkasa. Wakatoliki wengi wa Ufaransa walikuwa wameamini habari za mwanamke mmoja, Diana Vaughan, aliyesemekana ameacha chama cha Wafrimasoni na kuongoka. Karmeli ilimtumia foto ile. Kumbe mwanamke huyo hakuwako duniani. Mtu mmoja, Léo Taxil, alikuwa amemzua, na Jumatatu ya Pasaka, tarehe 19 Aprili 1897, alisimama mbele ya mkutano huko Paris, akakiri kwa dhihaka udanganyifu wake. Foto ya Thérèse ilionyeshwa ukutani kwa taa mbele ya watu wale. Hivyo uso uliofichwa nyuma ya ukuta ulichekwa na watu kabla haujaheshimiwa na yeyote. Taxil hakubadili hata alama moja katika foto, alibadili maneno yaliyoisindikiza tu, na uso wa mtu aliyeomba ukawa uso wa mjinga.

Tufike sasa tarehe 7 Juni 1897. Thérèse alikuwa mgonjwa wa kifua. Damu ya kwanza aliitema usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896. Tangu Pasaka ile aliingia pia katika giza la imani: mbingu, aliyoiwaza tangu utoto kwa furaha, ikawa kama ukuta mbele yake. Watawa wengi hawakulijua jambo hili. Walimwona anacheka, anafanya mizaha, anatunga mashairi juu ya mbingu ile ile. Naye alimwandikia mama mkubwa kwamba mtu akimpima kwa mashairi yale atadanganyika.

Siku ile Céline alitaka foto nzuri kabisa, maana alijua dada yake hataishi. Thérèse alivaa joho jeupe la sikukuu, akashika sanamu mbili mbele yake, moja ya Mtoto Yesu, moja ya Uso Mtakatifu wa Bwana. Kioo cha kwanza hakikumpendeza Céline. Cha pili vilevile. Akaanza kukasirika. Mgonjwa, ambaye kusimama tu kulimchosha, akakaa tena kwa mara ya tatu. Siku ile ile akamwandikia Céline barua fupi ya kumtia moyo auvumilie unyonge wake mwenyewe. Ndiyo asili ya foto tuliyoonyeshwa na padri wetu.

Tunaona nini ndani yake? Mwanamke wa miaka 24 anayejilazimisha kukaa wima. Macho yanatazama moja kwa moja, bila kuomba huruma. Wengi wanaandika kwamba katika macho yale wanaona giza la imani. Hapa tunarudi kwa mdomo wa mtoto wa Alençon. Masista waliokaa naye meza moja hawakuliona giza lile. Sisi tunaliona kwa sababu tumesoma daftari zake. Foto peke yake haitamki. Taxil alilithibitisha kwa ubaya wake. Lakini hatusemi kwamba foto ni bubu. Inaweka akiba ya vitu ambavyo mtu hakukusudia kuonyesha, uchovu, bidii, upole kwa dada mwenye hasira, na vitu hivyo vinangoja mpaka aje anayejua habari. Mchoraji hawezi kuweka akiba ya namna hii, kwani anachora yale tu anayoyajua.

Na Céline alikuwa mchoraji. Baada ya kifo cha Thérèse, tarehe 30 Septemba 1897, watu walianza kuomba sanamu yake, hasa kilipotoka kitabu cha maisha yake mwaka 1898. Céline hakutoa foto zake kama zilivyo. Alizirekebisha kwa kalamu na rangi: akalainisha shavu, akapunguza kidevu, akafungua macho. Mwaka 1899 alichora uso ulioenea pote, na mwaka 1912 Thérèse mwenye waridi, ndiye aliyekaa ukutani kwetu. Alipolaumiwa, alijibu kwamba foto ndiyo inayodanganya. Thérèse, alisema, alikuwa na uso uliobadilika kila dakika, na sekunde zile za kungoja ziliugandisha. Kwa hiyo kukusanya uzuri wa foto mbalimbali katika sanamu moja kulikuwa ukweli zaidi.

Wako waliomwita mwongo. Sisi hatuwezi. Nani kati yetu aliyeridhika na foto ya mama yake aliyekufa? Tunaitazama, tunasema: «Hakuwa hivi.» Céline alikuwa amemwona Thérèse akiwa mtoto bustanini, akilia, akicheka, akiumwa. Kioo kimoja kingewezaje kumtosha? Kosa lake, kama ni kosa, halikuwa kumpenda mno. Aliamini kwamba sisi tusiomjua Thérèse hatutaweza kumpenda akiwa na uso uliochoka.

Tena huyu huyu aliyeshuku mashine kwa uso wa dada yake, aliitegemea kwa uso mwingine. Jina lake la utawa lilikuwa Geneviève wa Uso Mtakatifu. Mwaka 1898 Secondo Pia alipiga foto Sanda ya Torino, na katika kioo chake uso wa mtu ukatokea wazi kuliko katika kitambaa chenyewe. Céline alipozipata foto zile, alizichunguza kwa makini, na miaka ya 1904 na 1905 akachora kwazo Uso wa Bwana, wenye majeraha na uvimbe. Pale hakulainisha majeraha. Kwa nini alimruhusu Bwana kuwa na uso ulioumizwa, na dada yake hakumruhusu? Hatuna jibu. Pengine ni rahisi zaidi kuvumilia maumivu ya Yule tunayemwabudu kuliko ya yule tuliyecheza naye.

Jambo moja tunamshukuru: hakuvunja vioo. Kwa miaka zaidi ya 60 foto za kweli zilikaa katika monasteri, huku sanamu zilizochorwa zikitembea duniani kwa mamilioni, zikafika hata kwetu mikononi mwa wamisionere. Mwaka 1956 daftari za Thérèse zilichapwa kama alivyoziandika, bila masahihisho ya Pauline. Céline akafa tarehe 25 Februari 1959, mwenye miaka 89. Mwaka 1961 kazi ya Padri François de Sainte-Marie ikatoa na foto bila rangi ya Céline. Wakristu wengi walishtuka kama sisi katika seminari ndogo. Wengine, hasa wagonjwa na watu wenye mashaka ya imani, walisema wamempata sasa mtu wanayeweza kuongea naye.

Sanamu ya waridi bado imo nyumbani kwa wazazi wetu, wala hatukuwaambia waiondoe. Lakini waridi zile nazo zina foto yake. Tarehe 30 Agosti 1897 watawa walisukuma kitanda cha Thérèse mpaka ukumbini, kando ya bustani, apate hewa. Hakuweza kusimama tena. Alipewa maua ya waridi, akayapukuta jani moja moja juu ya msalaba wake, na Céline akaweka mashine mbele ya kitanda. Mgonjwa aliyelala pale ni mwembamba, mto mkubwa nyuma ya kichwa chake, vidole vinashughulika na maua. Siku 31 baadaye alikufa, na kesho yake Céline akatwaa tena mashine yake.