Waliovuka Ruvuma kwenda sekondari

Kijana wa Namoto, mkoa wa Cabo Delgado kaskazini kabisa mwa Msumbiji, aliyemaliza shule ya misheni miaka ya 1950 na kutaka kuendelea na sekondari alikuwa na pande mbili za kutazama. Kusini, Lourenço Marques (Maputo ya leo) ilikuwa mbali zaidi ya kilomita 2,500 kwa barabara, na liceu ya huko, iliyopewa jina la mtawala wa Ureno, Salazar mwenyewe, ilijaa watoto wa walowezi. Kaskazini kulikuwa na mto Ruvuma. Ukiuvuka unafika Kilambo, kisha Mtwara, na ukipanda bara kuelekea Masasi unakuta Ndanda ya Wabenediktini na Chidya ya Waanglikana, shule ambazo Mwafrika wa Tanganyika aliingia, japo kwa nafasi chache.

Watu wa huku hawakuuona mto huu kama ukuta. Kionga, jirani na Namoto, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani hadi mwaka 1916, Wareno walipoitwaa katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na mkataba wa Versailles ukawaachia. Ukoo uliokuwa chini ya serikali moja na Mtwara ukaamka chini ya serikali nyingine bila kuhama. Wamakwe, Wamakonde na Wamwani waliendelea kuvuka kwa harusi, kwa biashara na kwa kazi. Maelfu walikwenda kukata mkonge Lindi na Tanga, wakarudi na Kiswahili na mshahara. Elimu tu ndiyo ilikuwa haivukiki kirahisi.

Ureno ilikuwa imepanga mambo yake waziwazi. Kwa Mkataba na Vatikani wa mwaka 1940 na Sheria ya Misheni ya 1941, elimu ya Waafrika ilikabidhiwa Kanisa Katoliki: madarasa machache ya msingi, Kireno cha sala na cha amri, kazi nyingi za shamba. Mtoto alianza shule amechelewa, akarudia madarasa, na alipomaliza alikuwa amepita umri wa kupokelewa liceu. Hakuna aliyehitaji kuandika sheria ya kumkataza, kalenda ilitosha. Waliopenya walihesabika. Joaquim Chissano alikuwa miongoni mwa weusi wa kwanza kusoma Liceu Salazar, na yeye pamoja na Armando Guebuza waliongoza NESAM, umoja wa wanafunzi Waafrika wa sekondari ulioanzishwa mwaka 1949 na Eduardo Mondlane. Wote wawili baadaye wakawa marais. Uhuru ulipofika mwaka 1975, ilikadiriwa kwamba watu 93 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma.

Ndiyo maana sekondari ya kwanza iliyojengwa kwa ajili ya Wamsumbiji weusi, ikiongozwa na chama chao wenyewe, haikujengwa Msumbiji. Ilijengwa Kurasini, Dar es Salaam.

FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Mondlane, daktari wa falsafa aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, alichaguliwa rais, na mwaka uliofuata akahamia Tanganyika moja kwa moja. Mkewe Janet, Mmarekani mweupe, alipewa kazi ambayo wengi waliiona ndogo: vijana waliokuwa wakimiminika kutoka ng'ambo ya Ruvuma walale wapi, wasome nini? Mwaka 1963 ikazaliwa Taasisi ya Msumbiji, Janet akiwa mkurugenzi. Wakfu wa Ford ulitoa dola 99,700 kuianzisha. Lisbon ikapiga kelele Washington, na Ford hawakutoa tena. Janet akageukia nchi za kaskazini mwa Ulaya. Serikali ya Sweden ikaanza kusaidia mwaka 1965, na mwaka 1969 wanafunzi wa sekondari wa Finland walifanya kazi ya siku moja na mshahara wake ukaja Taasisi. Kijana wa Helsinki akalipia daftari la kijana wa Mueda, ambaye hata theluji hakuwahi kuisikia.

Mwanzoni ilikuwa bweni zaidi kuliko shule. Madarasa yakaongezwa hatua kwa hatua, na kufikia 1967 wanafunzi walikuwa wamepita 100. Walitoka kila kona, na njia zao hazikufanana. Mtoto wa Cabo Delgado aliingia Tanzania kwa mtumbwi au kwa miguu. Josina Muthemba, aliyetoka kusini kabisa, alijaribu mwaka 1964 pamoja na Guebuza, wakakamatwa Victoria Falls na kurudishwa. Mwaka 1965 akajaribu tena, akapitia Swaziland, Johannesburg, Botswana na Zambia hadi akafika Dar es Salaam, akawa msaidizi wa Janet pale pale Taasisi kabla ya kujiunga na kikosi cha wanawake wapiganaji. Ndiye Josina Machel, aliyefariki tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25, na siku hiyo ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji.

Walimu nao walikuwa mchanganyiko. Palikuwa na wageni wa kujitolea, na palikuwa na Wamsumbiji weupe waliokataa ukoloni wa wazazi wao: daktari Hélder Martins, mwanahistoria Fernando Ganhão, na Jacinto Veloso, rubani wa jeshi la anga la Ureno aliyetoroka na ndege mwaka 1963 akatua Tanganyika. Kwa kijana aliyekua akivuliwa kofia na kupigwa na kila mweupe aliyevaa sare, kumkuta mweupe akimfundisha hesabu halikuwa jambo la kumezwa kwa siku moja.

Wakati huo huo vita vilikuwa vimeanza. Risasi ya kwanza ilipigwa Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, na anayetajwa kuipiga ni Alberto Chipande, aliyekuwa mwalimu. Katika maeneo yaliyokombolewa shule za msingi zilichipuka chini ya miembe, muhogo mkavu ukitumika badala ya chaki. Kutoka huko mtoto aliyefaulu alipelekwa Tanzania. Basi swali likawa wazi: akishamaliza sekondari, aende wapi?

Jibu la FRELIMO lilikuwa kwamba elimu ni deni. Aliyesomeshwa arudi ndani kufundisha, kutibu au kubeba bunduki kabla ya kufikiria chuo cha ng'ambo, na ufadhili wa masomo utolewe kwa kibali cha chama. Wanafunzi wengi waliona vingine. Walikuwa wamekimbia nchi isiyowapa shule, na sasa shule waliyoipata inawarudisha porini. Mwaka 1967 akaja Padri Mateus Gwenjere kutoka Sofala, msemaji hodari, akaanza kufundisha Taasisi. Akawaambia vijana waziwazi yale waliyokuwa wakinong'onezana usiku bwenini: kwamba wasomi hawapaswi kupotezwa vitani, kwamba Kireno ni lugha ya bwana na Kiingereza ndicho kingewafungulia vyuo vya dunia, na kwamba walimu weupe ni wapelelezi.

Usiku wa tarehe 5 Machi 1968 vurugu zikazuka shuleni kati ya wanafunzi na watu wa FRELIMO waliopelekwa kurudisha nidhamu. Polisi wakaingia. Taasisi ikafungwa. Mwezi Mei kundi la wapinzani wa uongozi likavamia ofisi ya chama mjini na kumuua mwanachama wake, Mateus Muthemba. Serikali ya Tanzania ikawaondosha nchini walimu weupe wa Kimsumbiji, akina Martins, Ganhão na Veloso. Wanafunzi wakatawanyika, baadhi wakaishia Kenya na kutafuta njia ya kwenda Marekani na Ulaya. Tarehe 3 Februari 1969 bomu lililofichwa ndani ya kitabu likamuua Mondlane huko huko Dar es Salaam.

Historia rasmi ya chama imewaweka wanafunzi hao upande wa wasaliti. Nadhani hukumu hiyo ni kali kupita kiasi. Kijana wa miaka 17 anayetaka kusoma zaidi si jasusi, na madai ya kutaka kujua nani anapata ufadhili na kwa kigezo gani ni madai ambayo mwanafunzi yeyote wa leo angeyatoa. Alichokosea Gwenjere ni kuligeuza dai hilo kuwa chuki ya rangi, akawafukuzisha walimu ambao hakuwa na wa kuwabadilisha. Matokeo ni kwamba kuanzia Machi 1968 hadi 1970 harakati nzima haikuwa na sekondari, na waliopoteza zaidi ni watoto wa Cabo Delgado na Niassa waliokuwa wakisubiri zamu. Gwenjere mwenyewe, baada ya uhuru, aliangukia mikononi mwa FRELIMO na akauawa bila hukumu ya mahakama, pamoja na Uria Simango na Lázaro Nkavandame, waliowahi kuwa viongozi wa chama. Hilo nalo halina utetezi.

Shule iliyofunguliwa Bagamoyo mwaka 1970 ilikuwa shule nyingine kabisa, ingawa iliendelea kuhesabiwa chini ya Taasisi. Samora Machel, muuguzi aliyekuwa kamanda na sasa rais wa chama, hakutaka Kurasini ya pili. Bagamoyo ilikuwa mji mdogo, mbali na vishawishi vya Dar es Salaam na mbali na balozi zenye fomu za ufadhili. Watoto wa msingi walikuwa Tunduru, majeruhi walitibiwa hospitali ya chama iliyokuwa Mtwara, wanajeshi walifundishwa Nachingwea, na sekondari ikawa Bagamoyo. Ukiangalia ramani utaona kwamba FRELIMO ilikuwa imejenga serikali kamili katika kusini na pwani ya Tanzania, ikiwa na wizara zake zote isipokuwa nchi.

Kaulimbiu ilikuwa kusoma, kuzalisha, kupigana, na ratiba iliifuata. Darasani walisoma hesabu, sayansi, Kireno, jiografia na siasa. Historia waliyofundishwa haikuanzia kwa Vasco da Gama. Mwaka 1971 FRELIMO ilitoa kitabu chake cha historia ya Msumbiji, kikizungumzia falme na upinzani wa wenyeji. Mchana lilikuwepo shamba. Kulikuwa na mazoezi ya kijeshi, magazeti ya ukutani yaliyoandikwa kwa mkono, kwaya, na ngoma. Hapa ngoma zilikuwa somo la uraia. Mmakonde alimfundisha wa kusini ngoma ya mapiko, naye akajifunza nyimbo na michezo ya kusini, maana chama kilikuwa kimeumia kwa ukabila na kiliogopa kuumia tena. Kireno kikabaki lugha ya darasa, ingawa nje ya darasa, kwa watoto wa kaskazini, Kiswahili kilikuwa rahisi zaidi na sokoni Bagamoyo kilikuwa cha lazima.

Mwalimu mmoja wa Bagamoyo anastahili kutajwa peke yake. Graça Simbine alikuwa anasoma Lisbon, akatoroka, akafika Tanzania mwaka 1973, akawa naibu mkuu wa sekondari ile. Mwaka 1975, Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni, alitoka kwenye shule ya wakimbizi akawa Waziri wa Elimu na Utamaduni wa taifa zima. Hakuwa peke yake. Hélder Martins akawa Waziri wa Afya, Ganhão akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, Veloso akashika usalama. Walimu waliofukuzwa Kurasini kwa kuwa weupe waliishia ndani ya serikali. Tarehe 24 Julai 1975 shule zote nchini zikataifishwa.

Na lile swali la Kurasini likarudi. Wareno walikuwa wameondoka kwa wingi, walimu hakuna, madaktari hakuna, mahesabu ya serikali hayana wa kuyafanya. Tarehe 8 Machi 1977, miaka tisa na siku tatu baada ya vurugu za Taasisi, Samora aliwaita wanafunzi wa Maputo akawaambia madarasa ya juu ya sekondari yanafungwa. Kila mmoja akapangiwa kazi: huyu ualimu, huyu jeshi, huyu benki. Safari hii hakukuwa na padri wa kuwatetea. Wanaitwa kizazi cha Machi 8, na wengi wao hadi leo hulitamka jina hilo kwa fahari na uchungu kwa pamoja. Msumbiji ilipata walimu kwa haraka, lakini iliwatoa katika madarasa yake yenyewe, na nadhani gharama hiyo ilichukua muda mrefu kulipika.

Kaskazini, mmoja wa watoto wa mfumo ule alikuwa Filipe Nyusi, aliyezaliwa mwaka 1959 Namaua, Mueda. Wazazi wake walimvusha Ruvuma vitani akiwa mdogo, akasoma shule ya FRELIMO Tunduru, akapitia Nachingwea, kisha akaendelea na sekondari Mariri, ndani ya Cabo Delgado. Mwaka 2015 akawa Rais, wa kwanza kutoka mkoa huu. Ilikuwa chini ya uongozi wake ambapo, tarehe 24 Machi 2021, wapiganaji waasi waliivamia Palma, makao makuu ya wilaya ambamo Namoto imo. Shule zikafungwa, watu wakakimbilia mtoni kama babu zao, na mwaka huo UNHCR ilitangaza kwamba maelfu ya waliovuka walirudishwa na Tanzania kupitia Negomano.

Nyusi aliondoka madarakani Januari 2025. Aliyempokea, Daniel Chapo, alizaliwa tarehe 6 Januari 1977, miezi miwili kabla ya Samora kufunga madarasa, na ndiye rais wa kwanza wa Msumbiji ambaye hakusoma, hakufundisha wala hakufunzwa bunduki katika kambi na shule za FRELIMO upande wa Tanzania.