Kabla Hujabadilisha Kipuri: Historia Fupi ya Kuusoma Moshi wa Gari

Fikiria uko kwenye foleni na gari lililo mbele yako linatema moshi. Ndani ya daladala kila abiria ana jibu lake: "Ringi hizo zimekwisha", "Nozeli hiyo", "Gasketi imeungua". Sasa, mtu anajuaje? Kuutazama moshi na kutaja ugonjwa ni elimu yenye historia yake, na katika historia hiyo kuna jiji zima lililotibu ugonjwa usiokuwepo.

Tuanzie Paris, mwaka 1888. Maximilien Ringelmann, profesa wa uhandisi wa kilimo, alitafuta namna ya kupima moshi wa mabomba ya viwanda bila mashine yoyote. Akachora miraba ya mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe, kila mraba ukiwa na mistari minene kuliko uliotangulia. Ukiitazama kwa mbali, mistari inachanganyika machoni na unaona kijivu. Namba 0 ni nyeupe kabisa, namba 5 ni nyeusi tii. Unalinganisha na moshi, unaandika namba, basi. Weusi ule ni masizi, yaani kaboni ambayo haikuungua. Kwa hiyo moshi mweusi ulimwambia mwenye kiwanda kwamba sehemu ya pesa yake inapaa hewani.

Fundi wa gari anatumia hoja ileile. Moshi mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa, basi anaanza na kichujio cha hewa, kisha nozeli. Moshi wa bluu: oili inaungua, imepenya kwenye ringi za pistoni au sili za vali. Moshi mweupe mzito usioisha, huku maji ya rejeta yakipungua: maji yanaingia kwenye silinda, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi. Ila mvuke mwepesi wa asubuhi usikutishe. Kila lita 1 ya petroli ikiungua hutoa karibu lita 1 ya maji, na eksozi ikiwa bado baridi unayaona.

Mpaka hapo macho yanatosha. Ngoja sasa twende Los Angeles.

Julai 1943, katikati ya vita, ukungu mzito ulilifunika jiji hilo. Macho yaliwasha, koo zikakauka, na wapo waliodhani Wajapani wameshambulia kwa gesi. Lawama zikaangukia kiwanda kimoja kilichotengeneza kemikali za mpira. Kikafungwa. Ukungu ukabaki palepale! Ni sawa na kubadilisha kipuri kizima na kuliacha gari na ugonjwa wake.

Jibu lilitoka kwa mtu aliyekuwa akichunguza harufu ya mananasi. Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha chuo cha Caltech, alizigeuzia hewa ya jiji mbinu zake za maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaonyesha kwamba mivuke ya petroli na oksidi za nitrojeni, zikipigwa na jua, huzaa ozoni, gesi inayoumiza mapafu. Mivuke hiyo ilitoka kwenye viwanda vya mafuta na kwenye magari, yakiwemo yale ambayo eksozi zake hazikuonyesha moshi wowote.

Baada ya utambuzi, ukarabati ukawezekana. Zamani gesi zilizopenya kwenye ringi zilimwagwa nje kwa mrija chini ya injini. California ikaamuru kwamba magari mapya kuanzia yale ya mwaka 1963 yawe na vali ya PCV, inayozirudisha gesi hizo zikaungue. Vali hiyo ikiziba, gari linaweza kutoa moshi wa bluu. Kwa hiyo kabla hujakubali injini ifunguliwe, mwambie fundi aikague kwanza. Ni kipuri kidogo tu.

Mwaka 1975 magari mengi mapya ya Marekani yalianza kufungwa masega kwenye eksozi. Ndani yake kuna platini na paladi, madini yanayogeuza gesi zenye sumu kuwa mvuke wa maji na kaboni dioksidi. Lakini risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli tangu miaka ya 1920 iliyaharibu masega, hivyo ilibidi iondoke. Kusini mwa Sahara iliondoka mwanzoni mwa 2006. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza, Julai 2021. Na Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikahamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni.

Sasa turudi gereji. Gari limekosa nguvu, fundi anasema masega yameziba, yatolewe. Huenda kweli yameziba. Swali ni nini kimeyaziba. Mara nyingi ni injini inayokula oili au inayozidisha mafuta, na ugonjwa huo utabaki baada ya masega kuondoka. Gari litachangamka kidogo, na kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu itatoka bila kuchujwa, ikiwafikia wauza karanga na watoto wanaovuka barabara.

Los Angeles walifunga kiwanda kwanza, wakauliza baadaye. Wewe anza na maswali: moshi una rangi gani, unatoka wakati gani, na ni oili au maji yanayopungua? Fundi akishapata majibu hayo, mpe kazi.