Wanafunzi wa Maabara katika Nyanda za Juu za Karatu na Ngorongoro

Katika historia nyingi za sharika, huduma ya uponyaji hukumbukwa kwa majina ya madaktari na wauguzi, kwa majengo yaliyowekwa wakfu, na kwa magari ya wagonjwa yaliyopokelewa kwa shangwe. Maabara hutajwa kwa nadra. Wanafunzi wanaofika humo kwa majuma machache kujifunza kazi hawatajwi kabisa, au hutajwa kama mikono ya ziada tu. Kwa nchi hii ya juu upungufu huo ni mkubwa, kwa sababu hapa mgonjwa wa homa huweza kutibiwa ugonjwa asiokuwa nao mpaka pale mtu wa hadubini atakaposema neno lake.

Karatu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu hadi mwaka 1995, ilipofanywa wilaya inayojitegemea. Mji wake uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro hupita mita 2,200. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 230,166 katika Wilaya ya Karatu na 174,278 katika Wilaya ya Ngorongoro: wakulima na wafugaji Wairaki, Wamaasai, Wadatoga, Wahadzabe, pamoja na wengi waliohamia kwa ajili ya mashamba na utalii. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambalo Jimbo lake la Karatu limo katika Dayosisi ya Kaskazini, lina hospitali yake mjini Karatu. Ndani ya Hifadhi na upande wa Loliondo, Kanisa Katoliki lilianzisha hospitali za Endulen na Wasso kwa juhudi za Padre Dkt. Herbert Watschinger kutoka Austria. Mwaka 2008 kliniki ya FAME nayo ilianza kupokea wagonjwa Karatu.

Zamani kazi ya maabara haikuwa na chuo. Katika vituo vya misheni, kijana aliyeonekana kuwa na macho mazuri na mkono mtulivu aliwekwa kando ya mganga, akafundishwa kutandaza tone la damu juu ya kioo, kulipaka rangi na kuhesabu alichokiona. Wengi wa namna hiyo walikuwa hodari kwelikweli, nao walibeba hospitali nzima bila cheti chochote. Lakini aliyejifunza kwa mtu mmoja alirithi pia makosa ya mtu huyo. Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa Moshi mwaka 1971, kaskazini ilipata hospitali ya rufaa yenye maabara kubwa, na mwaka 1997 chuo kikuu cha tiba kilianza hapo hapo chini ya Chuo Kikuu cha Tumaini. Sheria ya mwaka 2007 ikaweka Baraza la kusimamia wataalamu wa maabara za afya. Tangu hapo mtu huingia katika kazi hii kwa njia mbili zisizotengana: darasa, na mafunzo kwa vitendo hospitalini chini ya msimamizi anayetia saini kila kazi iliyofanywa.

Yafaa kueleza kwa nini mwanafunzi apelekwe mbali, na asibakie katika hospitali kubwa yenye mashine za kisasa. Jibu limo katika homa. Kwa miaka mingi kila homa nchini iliitwa malaria. Watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7, walikuwa wameandikiwa malaria na waganga. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14 tu, sawa na asilimia 1.6. Wengi wa waliobaki walikuwa na maradhi mengine, yakiwemo yale yanayotoka kwa mifugo, na wakati wa kuyatibu ulikuwa unapita.

Kama hali ilikuwa hivyo Moshi, penye maabara ya rufaa, ni rahisi kukisia jinsi ilivyokuwa kwa mfugaji wa Ngorongoro. Kati ya Agosti 2016 na Oktoba 2017, wagonjwa 230 wenye homa walichunguzwa katika Hospitali ya Endulen. Kumi na wanne kati yao walikuwa na brusela, ugonjwa unaowafanya ng'ombe na mbuzi kutupa mimba na kumwachia binadamu homa za kurudirudi na maumivu ya viungo. Katika damu iliyooteshwa, bakteria wa brusela ndio walioonekana zaidi kuliko wengine wote. Kwamba ugonjwa huu hupita katika maziwa mabichi si habari mpya: Themistocles Zammit aliwagundua bakteria hao katika mbuzi wa kisiwa cha Malta mwaka 1905. Ilichukua zaidi ya karne moja kwa kazi ya namna hiyo kufanyika Endulen.

Hapo ndipo mwanafunzi hujifunza jambo ambalo kitabu hulisema kwa mstari mmoja. Kipimo cha haraka kinaweza kudanganya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kipimo cha brusela kilichozoeleka katika maabara nyingi za nchi kilikuwa na udhaifu mkubwa, na kwamba kile cha Rose Bengal, ambacho nacho si cha gharama kubwa, kilifaa zaidi. Mwanafunzi aliyezoea kuandika "chanya" au "hasi" na kwenda zake hulazimika kuuliza kipimo chenyewe kina thamani gani.

Hujifunza pia woga unaostahili. Brusela ni miongoni mwa maradhi yanayowapata wafanyakazi wa maabara kwa urahisi. Alice Evans, mtafiti wa Marekani aliyefanya kazi kubwa juu ya bakteria hao, aliambukizwa mwaka 1922 na akateseka kwa miaka mingi. Kwa hiyo kumwacha mwanafunzi peke yake na chupa ya damu, eti kwa kuwa wafanyakazi ni wachache, ni kumtendea vibaya yeye na mgonjwa pia. Hospitali inayopokea wanafunzi wengi kuliko wasimamizi wake haitoi mafunzo, hata kama vitabu vyao vimejaa saini.

Liko na suala la lugha, ambalo vyuo hulisahau. Mwanafunzi kutoka Moshi au Dar es Salaam humkuta mama anayesema Kimaasai pekee. Je, maziwa yalichemshwa? Nani alimsaidia mbuzi kuzaa? Bila majibu hayo sampuli ni damu tu ndani ya chupa. Mara nyingi mhudumu wa hospitali ndiye hutafsiri, naye kwa saa hiyo huwa mwalimu wa mwanafunzi.

Uthibitisho wa brusela kwa njia ya damu mara nyingi huhitaji sampuli mbili, ya pili ikichukuliwa majuma kadhaa baada ya ya kwanza, ili kuona kama kinga ya mwili imepanda angalau mara nne. Katika muda huo mwanafunzi aliyechukua sampuli ya kwanza huwa pengine amekwisha kurudi chuoni. Mgonjwa naye huweza kuwa amehama na mifugo yake. Ndiyo maana wasimamizi wenye busara humfundisha mwanafunzi kwanza kabisa kuandika daftari la maabara kwa mwandiko unaosomeka: jina, boma, tarehe, na namna ya kumpata mgonjwa siku majibu yatakapotoka.